Mashine Iliyobaki Goma

Jumatatu, 6 Januari 2025

Tumefungua leo baada ya sikukuu. Mvua ilianza alfajiri, maji yakaingia mpaka chini ya meza ya Anaclet. Akapandisha miguu juu ya katoni, akaendelea kuandika kama mtu aliye kwake.

Kabine yetu, ofisi ya uhasibu, ni chumba kimoja nyuma ya soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, kati ya Godefroid, fundi wa kuchomelea, na kanisa linaloimba hata saa za kazi. Anaclet na mimi tunawatengenezea wafanyabiashara hesabu na deklarasio za kodi. Mwisho wa Aprili kila kampuni lazima iwe imepeleka deklarasio ya mwaka uliopita, kwa hiyo kuanzia leo hakuna Jumamosi wala mgonjwa wa kutembelea.

Ugomvi wa kwanza wa mwaka ni ule ule wa mwaka jana: programu. Anaclet alikuwa mhasibu kwenye kampuni ya migodi mpaka walipomwachisha kazi. Huko alitoka na programu moja ya zamani inayokaa ndani ya kompyuta moja tu. Radi ikipiga, kompyuta inazimika na sisi tunasali. Mwezi wa saba nilisema basi. Nikachagua Mizani, programu iliyotengenezwa na Muhindo, kaka mkubwa wa Émerance, binti anayefanya kazi na sisi. Unaifungua kwa intaneti popote ulipo, na hesabu zenyewe zinakaa kwenye mashine ya Muhindo, Goma. Mkataba niliutia saini mimi peke yangu, maana Anaclet alikataa kugusa kalamu.

"Bintu ya bantu ya hapa, unaipeleka kulala kule," alisema leo tena, akimaanisha hesabu za wateja.

"Ba Anaclet, ya kwako inalala wapi? Ku machine moja, na mvua iko inaingia."

"Mvua, angalau niko naiona."

Jumatano, 15 Januari

Papa Paluku amekuja na jibini ya Masisi imefungwa kwa gazeti. Ni mtu wa Butembo, kule Kivu, anauza jumla maharage, mchele na mafuta. Ana depo ya kuhifadhia mali hapa na nyingine kubwa zaidi Goma, na bila yeye tusingeweza kulipia hata chumba hiki. Anaipenda Mizani kunizidi mimi niliyeichagua. Vijana wake wa Goma wanaandika kila gunia linaloingia na kutoka, naye analiona kwenye simu akiwa hapa. Mishahara yao nayo imo humo: jina, simu, mtaa anaokaa mtu, nani anashika ufunguo, nani anashika pesa.

"Zamani nilikuwa nalala jicho moja wazi," alisema. "Sasa nafunga yote mbili."

Anaclet hakuonja jibini. Paluku alipotoka, akasema kwa sauti ya mtu anayejua anasikika, "Bale bantu ya Kivu batamaliza madepo yote ya Lubumbashi, na sisi tutabakia kubaandikia." Émerance alikuwa meza ya tatu. Aliendelea kubonyeza vitufe vyake. Anaclet humwita "ule wa Goma", ingawa binti ni wa Butembo. Alimsahihisha mpaka akachoka.

Jumanne, 21 Januari

Umeme hakuna kutwa. Nimesaga meno na kusubiri.

Ijumaa, 24 Januari

Redio inasema waasi wameukaribia mji wa Goma. Mchana Émerance alimpata Muhindo kwenye simu, akaweka sauti ya juu ili nasi tusikie. Mizinga ilisikika nyuma yake kama mtu anayeburuta makabati. Lakini alicheka. Alisema umeme wa mji umekatika, ila mashine yake inakula betri za jua, tusiwe na wasiwasi.

Nilivuta pumzi. Nakala ya pili ya hesabu zetu tulipanga kuiweka hapa ofisini mwezi ujao, tukishanunua diski.

Jumatatu, 27 Januari

Waasi wameingia Goma. Mizani haifunguki.

Jumanne, 28 Januari

Nataka kuandika siku hii ilivyokuwa, maana sijapenda namna nilivyokuwa ndani yake.

Nilifika mapema, nikajaribu kufungua Mizani kwa kompyuta, kwa simu yangu, kwa simu ya Godefroid. Hakuna. Wateja wetu wote, mwaka wao mzima, wamo kwenye mashine ambayo sijui kama bado ipo mezani au iko mgongoni mwa mtu. Émerance aliingia amechelewa, macho yamevimba, maji yanamchuruzika. Kabla hajafunga mlango nikamuuliza:

"Nenosiri ya ile machine, Muhindo aliiachia nani mwingine?"

Aliniangalia. Alivua koti la mvua, akalitundika polepole kwenye msumari, akalinyoosha mikono yake. Ndipo akasema, "Mama Léonie, sijue hata kama yaya Muhindo iko muzima."

Anaclet alikuwa anasikiliza habari. Akazima redio. Hata sasa ninavyoandika, uso unaniwaka.

Saa sita akaja Papa Paluku. Hakuwa na gazeti wala jibini, na shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vya kupishana. Kijana wake mmoja wa Goma alimpata kwa simu: depo imevunjwa, watu wamebeba magunia mchana kweupe, wenye bunduki na wasio na bunduki, halafu chumba cha ofisi kimechomwa pamoja na karatasi zote.

"Nilimwambia, karatasi ni karatasi," Paluku alisema. "Nilimwambia stoki yote iko ndani ya Mizani. Donc, basi, ifungue, mama. Nione."

Nikamwonyesha kioo cheupe cha kompyuta.

Alielewa upesi, ni mtu wa hesabu. Mali ambayo ilikuwa depo na sasa haipo, ofisi ya kodi itasema iliuzwa mwaka jana, na itamtoza kodi ya faida ambayo hakuipata. Ili apinge, lazima aonyeshe kilichokuwa bado depo mwaka ulipoisha, kabla ya kuvunjwa. Wa kuonyesha ni Mizani tu.

"Muhindo anasema nini?" akamuuliza Émerance.

"Hashike simu, papa."

"Akishika, mwambie asiguse kitu. Asiguse hata waya."

Jumatatu, 3 Februari

Tumeanza upya kwa karatasi. Tumewaita wateja walete fakture zao, ankara za mauzo na manunuzi, bidhaa kwa bidhaa, mwezi kwa mwezi. Wengine wamezileta kwenye mifuko ya mchele, wengine wamezifungia vitumbua zamani. Tunaziingiza kwenye programu ya zamani ya Anaclet. Hajanikumbusha hata mara moja kwamba alinionya, na ningefurahi angefanya hivyo, nimjibu.

Alhamisi, 6 Februari

Mvua. Muhindo bado kimya.

Jumatatu, 10 Februari

Mama Kunda, mteja wetu anayefuga kuku kule Annexe, pembeni ya mji, ameingia na kubaki amesimama.

"Banasema jina yangu iko kwa benye bunduki. Jina na feza yangu na mutaa fasi ninalala. Ni kweli?"

Nikamwambia hatujui. Lilikuwa jibu la kweli na lilikuwa baya. Alichukua fakture zake zote, hata zile ambazo nilikuwa nimeshaziingiza, akaondoka nazo.

Paluku naye amerudi na mpango wake: kuna dereva anayeweza kufika Goma kwa kupitia Uganda, atampa pesa, aende nyumbani kwa Muhindo, achukue ile mashine. Alitaka Émerance ampe mtaa na namba ya nyumba.

"Hapana, papa," Émerance alisema.

"Mimi ndiye nilikutafutia nyumba ya kukaa hapa Lubumbashi. Mimi ndiye nilikuleta kwa huyu mama."

"Najua, papa. Lakini ule dereva, benye bunduki batamufuata. Atabafikisha kwa yaya."

Paluku alimtazama mtoto wa kwao kama anamwona kwa mara ya kwanza, akatoka bila kuaga. Nilikuwa upande wa Paluku. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka ile mashine.

Jumatatu, 17 Februari

Bukavu nayo imechukuliwa. Mjini watu wanaongea kwa sauti ndogo, kisha ghafla kwa sauti kubwa. Asubuhi tumekuta mlango wetu umeandikwa kwa makaa: WASALITI. Godefroid aliusugua kwa brashi ya chuma anayosafishia vyuma vyake, rangi ikatoka pamoja na neno, sasa kuna doa jeupe ambalo kila mtu anauliza ni la nini.

Mwenye nyumba ya Émerance amemwambia atafute pa kwenda. Amehamia kwangu leo jioni na begi moja na sufuria. Analala chumba cha binti yangu Gracia, ambaye yuko masomoni Kolwezi.

Alhamisi, 20 Februari

Wamemchukua Anaclet.

Nilikuwa nimeenda Annexe na Émerance kumbembeleza Mama Kunda aturudishie fakture. Alitupa, tena na mayai. Tuliporudi mlango ulikuwa wazi na karatasi zimetapakaa sakafuni. Godefroid alikuwa ameketi kwenye kiti changu, miwani yake ya kuchomelea iko paji la uso.

"Balikuya bantu ya usalama," alisema. "Batatu. Baliuliza musichana ya Goma iko wapi, ule anatumiaka adui majina. Ba Anaclet akasema hapa hakuna musichana ya Goma. Banasema, tunajua iko. Akasema ule anaandika tu bile tunamwambia, hajue kitu. Banauliza: na ile programu ya Goma, nani aliichagua? Akasimama. Akasema, ni mimi."

"Alisema ni yeye?" niliuliza.

"Ndiyo maneno yake. Ni mimi nilichagua, ni mimi mukubwa wa hapa. Akavaa kofia yake, akaenda nabo."

Émerance alikaa sakafuni katikati ya zile karatasi na mfuko wa mayai mapajani. Mimi nilibaki nimesimama nikitafuta kofia ya Anaclet kwa macho kwenye msumari wake, kana kwamba ikiwapo hapo basi Godefroid amekosea.

Miezi saba mtu huyu aliitukana ile programu mbele ya kila mteja.

Ijumaa, 21 Februari

Nimeenda kwenye ile ofisi ya usalama na mkataba wa Mizani mkobani. Nilivaa kitenge changu cha kanisani. Nilingoja kwenye benchi tangu asubuhi mpaka wakatoka kula na kurudi. Aliyenipokea ni mwanamume mdogo kwangu kwa umri, mwenye suti safi na Kiswahili cha taratibu.

Nikampa mkataba. Nikamwonyesha saini. "Ni yangu. Aliyechagua programu ni mimi. Mzee alikataa tangu mwanzo."

"Mzee anasema ni yeye. Wewe unasema ni wewe. Mmoja wenu anadanganya serikali."

"Ni yeye."

"Kwa nini adanganye?"

"Muulizeni yeye."

Akakunja mkataba, akauweka upande wake wa meza. Akaniuliza kama nilijua mji ungeangushwa. Nikamwambia kama ningejua, ningekuwa nimeshanunua diski. Hakucheka. Akauliza wateja ni wangapi, nani ana pesa nyingi, nani ni mtu wa mashariki. Nilimwambia hayo ni ya mteja na ofisi ya kodi.

"Na ule musichana, analala wapi?"

"Sijui."

"Hujui."

"Aliacha nyumba yake. Sijui alienda wapi."

Wakati ule Émerance alikuwa jikoni kwangu anatwanga sombe, majani ya muhogo.

Aliniachia nirudi nyumbani, lakini akabaki na mkataba, na akabaki na Anaclet. Nilisikia kikohozi chake nyuma ya mlango wa korido nilipokuwa natoka. Nakijua kikohozi hicho. Nimekilalamikia miaka.

Jumapili, 23 Februari

Nilimpelekea Anaclet bukari, yaani ugali, na samaki. Walipokea sahani getini. Sijui kama ilimfikia.

Jumanne, 25 Februari

Wateja watano wamechukua faili zao. Émerance hatoki nje. Anaingiza fakture kwenye meza ya jikoni, nami nazibeba asubuhi na jioni ndani ya beseni, nimefunika kwa majani ya viazi kama mchuuzi.

Ijumaa, 28 Februari

Anaclet ametoka. Shemeji yake ni wakili na ndiye aliyehangaika. Kila Jumatatu lazima aende kuripoti. Amekonda, anapumua kwa shida, na kofia yake haipo. Alikuja moja kwa moja ofisini, hata nyumbani hakupita, akaketi na kuwasha kompyuta yake.

Nilifunga mlango. "Ba Anaclet, juu ya nini ulifanya vile?"

"Nilifanya nini?"

"Ulisema ni wewe."

Alikohoa kwanza. "Balikuwa banataka jina ya kupeleka. Bantu kama bale, ukibapa jina, banaenda. Nikabapa."

"Ungesema yangu. Ndiyo ilikuwa kweli."

"Wewe uko na mutoto anasoma." Akavuta katoni la fakture. "Na ule wa Goma, kama angeingia mule, hangetoka vile mimi natoka. Hiyo hata wewe unajua. Sasa niache nifanye kazi, Aprili haitangoja."

Bado anamwita ule wa Goma. Nilidhani miaka hii yote kwamba nilijua maneno yake yanatoka wapi.

Jumatano, 12 Machi

Muhindo yuko hai.

Alipiga simu Jumamosi. Émerance alinificha siku zote hizi, na leo nimejua ni kwa nini. Tulikuwa tunachambua maharage. Akasema bila kuinua macho:

"Mama Léonie, yaya alipiga. Iko Uganda, kwa bantu ya kanisa."

Niliangusha ungo. Safari hii nilijifunza: niliuliza kama amekula, kama ameumia, kama yuko na watu wema. Alisema mguu mmoja una jeraha lakini anatembea. Alilia kidogo, nami nikalia kidogo. Halafu akaokota ungo, akaanza kukusanya maharage.

"Alifuta," alisema mwishowe.

"Nini?"

"Yote. Ile asubuhi benye bunduki baliingia mu mutaa yake, banafungua nyumba kwa nyumba. Balikuwa banatafuta benye kushika funguo ya madepo na benye kushika pesa. Yaya alikumbuka majina yote iko mu machine. Akaanza kufuta. Kesho yake balifika, bakabeba machine ikiwa tupu."

Basi. Haitarudi. Wiki zote hizi ndani yangu kulikuwa na sehemu iliyokuwa inangoja ile mashine kama unavyongoja mtu aliyesafiri. Nilihesabu kichwani wateja ambao karatasi zao zimetimia, nikaona tutafika. Wote isipokuwa mmoja.

"Papa Paluku," nilisema.

"Ndiyo maana sikukuambia," alisema Émerance.

Alhamisi, 13 Machi

Alikataa nimwambie mimi. Alisema Paluku ni mtu wa kwao na kaka aliyefuta ni wa kwake. Tulienda wote depo ya Paluku, kwa taxi-bus, Émerance amejifunika kichwa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje tangu Februari.

Paluku alikuwa anapokea lori la mchele. Émerance alipiga goti moja kidogo, akamsalimu kwa Kinande, lugha ya kwao, na nilielewa jina la Muhindo tu. Niliona furaha ikipanda usoni mwa yule mzee, ya kweli, akashika mikono ya binti kwa mikono yake miwili. Halafu Émerance akaendelea kusema, na ile mikono ikamwachia.

Alinigeukia mimi, kwa Kiswahili, ili nisikose hata neno.

"Nilimwambia asiguse. Nilisema hata waya asiguse. Aliambiwa?"

"Simu haikupatikana, Papa Paluku. Na wakati ule alikuwa ameshafuta."

"Mke wangu aliuza mandazi ili nianze ile depo. Na yeye anakaa mbele ya mashine, anabonyeza kidole, inaisha." Alisema taratibu kabisa. "Bale benye bunduki balichukua bintu yangu. Lakini yeye ndiye alinichukulia ushahidi."

Akarudi kwa lori lake. Wapakuzi walikuwa wamesimama wanatutazama, akawapigia kelele.

Jumanne, 18 Machi

Paluku amemtuma dereva kuchukua faili lake. Anaclet alikataa kulitoa. "Mwambie aje mwenyewe," alisema. Hakuja.

Jumatatu, 7 Aprili

Tumeamua kumfanyia Paluku deklarasio bila kumuuliza. Mali yake ya Goma ilitoka mahali, ilipandishwa lori fulani, ilivuka mpaka fulani. Watu wa usalama hawajamtafuta tena Émerance, naye amerudi mezani kwake ofisini, anapiga simu kutwa: kwa wauzaji wa mchele, kwa wenye malori walioko Uganda, kwa kiwanda cha mafuta. Anaongea Kinande, Kiswahili, Kifaransa, anaomba wampigie picha risiti na kumtumia. Wengine wanamkatia. Anapiga tena. Anaclet anazipanga na kuzikatalia nusu. "Hii tarehe haionekane. Hii batatuchekea." Jumamosi nilimsikia akimwambia, bila kumtazama, "Umefanya muzuri hapa." Émerance alitoka nje kuvuta hewa.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua zinaisha. Anaclet hakuweza kupanda ngazi za kanisa.

Jumanne, 29 Aprili

Paluku alikuja mwenyewe, hatimaye, kutia saini. Tulikuwa tumefikisha kama nusu ya kilichokuwa depo, na kila kitu kina karatasi yake. Nusu nyingine hatukuweza. Aliipitia yote, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata mistari. Émerance alikuwa amesimama karibu na dirisha.

"Hii nusu ingine itakuwaje?"

"Batasema uliiuza," Anaclet alijibu. "Tutaandika pingamizi. Lakini mimi sikudanganye, nadhani batakataa."

"Donc lori yangu moja itaenda kulipa kodi."

"Lori moja, ndiyo. Bila hii karatasi zingeenda zote."

Paluku alitia saini. Hakumsemesha Émerance. Mlangoni alisimama, akauliza kwa kuutazama mtaa, "Na ule kaka yako, iko wapi sasa?"

"Iko njiani, papa. Alipita Tanzania. Iko Zambia. Wanasema Jumamosi atafika mupaka wa Kasumbalesa."

"Atavuka na nini? Hana karatasi."

"Sijue, papa."

Akatoka.

Jumamosi, 3 Mei

Asubuhi honi ilipiga mbele ya nyumba yangu. Alikuwa Paluku, ndani ya gari lake, amevaa koti. Hakushuka. "Ingieni," alisema. "Najua bantu ya pale mupakani."

Akashika njia ya Kasumbalesa. Malori ya shaba yalikuwa yamesimama msururu, tukayapita kwa pembeni kwenye vumbi. Kasumbalesa alituacha garini, akaingia ofisi moja, akatoka, akaingia nyingine. Jua lilikuwa limeshapinda alipotokea tena akiwa na kijana mrefu anayechechemea, mwenye shati alilopewa na kanisa la Uganda. Begi la kijana lilikuwa mkononi mwa Paluku.

Émerance alikimbia. Sitaandika walivyoshikana.

Kurudi, Muhindo alikaa mbele, mimi na Émerance nyuma. Paluku aliendesha mpaka tukaacha nyumba za mpakani nyuma yetu. Ndipo akauliza.

"Ulianza kufuta ya nani?"

Muhindo aliweka mikono yake magotini. Nadhani alikuwa ameliandaa jibu hili tangu Uganda.

"Ya kwako, papa. Ndiyo ilikuwa na majina mengi."

Émerance alinishika mkono. Gari lilipunguza mwendo, nikadhani Paluku atasimama, atamshusha palepale kati ya majani. Lakini hakusimama. Nilimwona kwenye kioo: midomo inatembea bila sauti. Kisha sauti ikaja, kavu.

"Na vijana wangu? Nzanzu?"

"Alivuka, papa. Na muke yake."

"Plamedi? Ule wa kushika ufunguo."

"Balipekua nyumba ya pili kutoka kwake. Kwake hawakuingia. Iko Beni."

"Mbusa?"

Muhindo alitikisa kichwa. "Mbusa sijue, papa."

Paluku alibadilisha gia, akataja jina lingine. Halafu lingine. Tangu Januari nimemsikia akiongea magunia, mapipa na kodi, na mimi pia nilikuwa naongea hayo hayo naye. Tulipoingia mtaa wa Kenya taa za soko zilikuwa zimewashwa, na alikuwa bado anauliza.